Suke Walilolipenda Mama na Ndege

Siku hiyo mdogo wangu alirudi kutoka shuleni mapema kuliko kawaida. Alinikuta nyuma ya nyumba napepeta uwele, akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelala, hakuvua hata viatu. Nikamuuliza kama amekula, akasema hapana. Nikamuuliza kama mkaguzi alikuja, akasema ndiyo. Sikuuliza zaidi. Nimemlea tangu ana mwaka mmoja na nusu, najua akibana midomo namna ile maneno yako njiani.

"Dada, nimefeli," alisema.

Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, na chuo kilikuwa kimempanga kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari ya kata yetu, upande huu wa Mtinko. Kwa hiyo kwa wiki zile alikuwa analala nyumbani, chumba chake cha zamani. Mkaguzi kutoka chuoni huja mara mbili, hukaa nyuma ya darasa na fomu yake, huandika. Ukivurunda mara zote mbili, unarudia mwaka mzima. Mara ya kwanza ndiyo ilikuwa imepita asubuhi ile, na ilikuwa imevurundika. Ya pili ingekuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Somo lilikuwa biolojia, kidato cha nne, mada ya mageuko ya viumbe. Alikuwa ameandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha akawaeleza kwa Kiswahili kwamba maana yake ni uchaguzi wa asili: viumbe wanaoyafaa mazingira yao huchaguliwa, wasiofaa hupotea.

"Msichana mmoja wa mbele akanyoosha kidole. 'Madam, anayechagua ni nani?' Nikasema mazingira. 'Mazingira yana macho?' Darasa likacheka. Wa nyuma wakadakia, 'Na kura zinapigwa lini?' Nikasema jamani, ni namna ya kusema tu. Yule msichana hata hakucheka, dada. Akaniambia, 'Sawa, kama hiyo ni namna ya kusema, jambo lenyewe ni lipi?'"

"Ukasemaje?"

"Nilisimama tu na chaki."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kengele."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamuuliza, "Na jibu lilikuwa lipi?"

"Sijui! Kitabuni wameandika hivyohivyo. Chuoni wametufundisha hivyohivyo."

Mimi niliachia darasa la sita. Baba alitangulia, mama akafuata, na sisi watatu tukabaki: mimi, mdogo wetu wa kiume ambaye sasa ana familia yake Itigi, na huyu wa mwisho aliyekuwa bado mgongoni. Kusoma nilikosoma baada ya hapo nilikusoma kwenye madaftari yao. Wao walikuwa wakiandika kazi ya nyumbani, mimi nasonga ugali na jicho moja kwenye mistari. Ndiyo maana nina elimu ya vipandevipande. Najua mzunguko wa damu, sijui logarithimu. Mada ya mageuko ilinipita kwa sababu yule wa kiume hakufika kidato cha nne, na huyu alipofika alikuwa bwenini.

Basi nikamwambia anifundishe mimi kama ambavyo angewafundisha wale watoto. Alianza kwa kukataa, kisha akavua viatu.

Aliniambia kwamba yule mtu wa zamani aliyeandika mambo haya alikuwa akiishi mashambani, akizungumza sana na wafugaji, na mwenyewe alifuga njiwa. Aliona jinsi mfugaji anavyomchagua njiwa mwenye mkia mpana, anamzalisha, katika watoto anachagua tena wenye mikia mipana, mpaka baada ya vizazi vingi anapata njiwa ambaye babu zake wasingemtambua. Akajiuliza, kama mfugaji anaweza hivyo kwa miaka michache, dunia yenyewe kwa muda wake mrefu ingefanya nini? Hapo ndipo akalichukua neno la wafugaji, kuchagua, akalipeleka porini ambako hakuna mfugaji.

"Tena mwenzake aliyekuwa akichunguza mambo hayohayo alimshauri aliache hilo neno," mdogo wangu alisema. "Alimwambia watu watamtafuta huyo anayechagua."

"Kama yule msichana wa mbele."

"Kama yule msichana wa mbele."

Niliuweka ungo chini. Sijui kama nitaweza kueleza nilichosikia mwilini wakati ule. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba maneno ya sayansi hutengenezwa na wenye sayansi hukohuko kwao, yanatufikia yamefungwa kama mifuko ya saruji. Kumbe neno kubwa kuliko yote katika mada ile lilitoka kwa watu wenye mavi ya njiwa kwenye viatu. Lilikuwa neno letu sisi tunaofuga na kulima. Na lilipokwenda kwenye kitabu, lilikwenda na mkulima wake ndani, asiyeonekana, amesimama pale na mkono umenyooshwa. Yule mtoto wa mbele alikuwa amemwona.

Nikamwambia, "Mtoe huyo mkulima. Tumia ungo." Nikauinua, nikarusha uwele juu kidogo, upepo ukachukua makapi, punje zikarudi. "Upepo haujui punje ni nini wala makapi ni nini. Hauna macho. Kizito kinarudi, chepesi kinakwenda. Hapa nani amechagua?"

Akafungua mkoba, akaandika. Halafu, kwa sababu ndivyo alivyo tangu mdogo, akaanza kuutafutia ungo wangu kasoro. "Lakini ungo unaondoa tu, dada. Punje inaingia punje, inatoka punje. Upepete mwaka mzima, uwele haugeuki kuwa kitu kingine. Wataniuliza hapo." Akajikuna shingo, kisha mikono. "Halafu huu uwele wako unawasha! Nikienda kwa jirani nakaa hata kwenye makapi, siwashwi."

"Wa jirani hauna nywele."

"Na wetu kwa nini una nywele?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa kwa nia ya kujua. Niliulizwa mara nyingi kwa kutaniwa. Masuke ya shamba letu yana vinywele vigumu vilivyosimama kama ndevu za siku tatu, na ukiyapura lazima ufunge kitambaa mikononi. Watu wa kijijini huuita uwele wa ndevu. Nilipokuwa binti, vijana waliokuwa wakipita njiani waliuliza kama nao tunaupeleka kwa kinyozi. Nilidhani ndivyo shamba letu lilivyo, kama nyumba fulani zinavyozaa watoto warefu.

Tulikaa pale tukaanza kuhesabu nyuma. Uwele wa mama haukuwa hivyo, hilo nilikuwa na hakika nalo. Nilikuwa nikimsaidia kupura kwa mikono mitupu na sikumbuki kuwashwa. Alifariki uwele ukiwa umeshaota, na msimu ule hakukuwa na mtu wa kuamia ndege. Jirani zetu wote walikuwa na watoto wa kukaa shambani kutwa nzima na makopo na kombeo. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, maji ya kuchota, na mdogo wa kiume ambaye nilikuwa nimeapa hatakosa shule hata siku moja. Kweleakwelea walikuwa wakitua kwetu kwa sababu kwetu ndiko kulikuwa kimya. Wakiinuka, shamba lilikuwa limebaki mabua yenye masuke matupu, na hapa na pale suke lililosalimika.

Hayo yaliyosalimika ndiyo tuliyovuna. Yaliyokuwa manono tulikula, kwa sababu tulikuwa na njaa. Yaliyobaki mwisho kabisa, yasiyopendeza, ndiyo niliyopanda. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kuchagua mbegu. Na msimu uliofuata ikawa vilevile, na uliofuata, mpaka wadogo zangu walipokua wa kuweza kuamia wakati wa likizo.

"Suke lenye nywele ndege wanalikwepa," mdogo wangu alisema taratibu. "Linawachoma machoni."

"Ndiyo. Wanaanza na laini."

"Na mama alikuwa akipanda lipi?"

Hilo sikulijua. Tukakubaliana kwenda kumuuliza bibi jirani, aliyelima pamoja na mama tangu wote wawili walipoolewa.

Kesho yake alasiri tulimkuta anakausha mlenda juu ya mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu umekuja! Ni kweli huko shuleni unawafundisha watoto kwamba mimi ni nyani?"

"Hapana, bibi. Ni binamu wa mbali tu."

"Binamu!" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Basi mwambie kupalilia kunakuja, ndugu husaidiana."

Tulipomuuliza habari ya uwele wa mama, alijibu bila kufikiri. Mama alikuwa akipita shambani kabla ya kuvuna, peke yake, anafunga kamba ya gome kwenye masuke anayoyataka kwa mbegu. Alitaka marefu, yaliyojaa, laini. Kila mwaka yalikuwapo machache yenye nywele, na hayo aliwatupia mbuzi. "Hakutaka hata kuyaona. Alisema yanampa mtu kazi mara mbili. Nyinyi ndio mlioutia uwele wake ndevu." Kisha akanigeukia mimi. "Tena alikuwa amekuachia mbegu. Yale masuke ya juu ya mafiga, kwenye moshi. Sikuelewa kwa nini hukuyapanda."

Nilijua masuke anayoyasema. Wakati wa msiba watu walipika karibu kila kilichokuwamo ndani, na mimi niliparamia nikayatoa matatu ya mwisho kwenye boriti ya jiko, nikayaficha kwenye kanga ya mama. Sikujua kwamba hutundikwa pale ili moshi uyakinge na wadudu. Nilidhani mama ameyatundika kwa kuwa yanapendeza. Nilitaka kitu kimoja ambacho mikono yake imekifunga na hakuna mtu atakayekila. Yamekaa kwenye sanduku langu miaka yote hiyo, meusi kwa masizi, na kwa kuyatunza nilikuwa nimeipoteza mbegu yake.

Sikumwambia bibi. Nadhani alielewa, maana alirudi kwenye mlenda wake.

Njiani kurudi, mdogo wangu alikuwa anatembea mbele, akasimama ghafla katikati ya njia, mbuzi wa watu wakatupita pande zote mbili. "Dada. Mama alipenda suke laini."

"Ndiyo."

"Na ndege walipenda suke laini."

"Ndiyo."

"Mama alilichagua, likaongezeka. Ndege walilichagua, likapotea."

Hapo ndipo na mimi niliposimama. Mkono wa mama na mdomo wa ndege vilikuwa vimelifuata suke lilelile, kwa kulipenda kulekule, na shamba likaenda njia mbili tofauti. Kwa mama, kilichopendwa ndicho kilichorudi ardhini. Kwa ndege, kilichorudi ardhini ni kile kisichopendwa na mtu. Na mimi, niliyekula manono kwanza, nilikuwa nimefanya kazi ya ndege bila kujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeleta nywele. Zilikuwamo tangu zamani, chache, mama akizifukuza kila mwaka, na kila mwaka zikizaliwa tena katika masuke mawili matatu. Tulichofanya ni kuacha kuzifukuza. Kwa misimu michache tu, mbele ya macho yangu, kwenye eneo lisilozidi uwanja wa mpira, jambo linaloandikwa katika vile vitabu lilikuwa limetokea, nami nilikuwa nikijikuna tu.

Nimekwenda kanisani maisha yangu yote na sina haja ya kuacha. Lakini siku ile nilisikia njiani ninachosikiaga kanisani watu wakinyamaza wote kwa pamoja.

Nilipomweleza habari ya sanduku, mdogo wangu aliomba yale masuke matatu. Alitaka kuyaonyesha darasani kando ya yetu. Nilikataa. Nilimwambia yatapukutika, watoto watayashikashika. Hakubishana. Jioni alikuwa akichora suke la mama kwenye karatasi ya manila, anafuta, anachora tena, na halikufanana hata kidogo, kwa sababu hakuwahi kuliona likiwa shambani na mama mwenyewe hamkumbuki. Nilimtazama akifuta mara ya nne. Nikaenda kufungua sanduku.

"Nitayabeba mwenyewe," nilimwambia.

"Basi uje darasani. Chuoni wanaruhusu mtu mwenye ujuzi kualikwa."

"Ujuzi gani?"

"Dada, njoo."

Alhamisi nilivaa gauni la Jumapili. Mkuu wa shule alinipa kiti karibu na ubao, na nilipokaa nikaona madawati yamejaa na kule nyuma mkaguzi, mtu mzima mwenye miwani, na fomu yake juu ya goti. Sikuwa nimekaa mbele ya ubao tangu darasa la sita. Wanafunzi walisimama wakanisalimia shikamoo kwa pamoja, nikasahau kuitikia.

Mdogo wangu hakuandika kitu. Alianza kwa kurusha uwele kwa ungo wangu pale mlangoni kwenye upepo, akawauliza nani amechagua. Wakasema hakuna. Akawauliza ungo umeshindwa kueleza nini. Ilichukua muda, ila kijana mmoja akapata: hakuna kipya kilichotoka. Ndipo akaweka masuke mezani, yetu ya ndevu na matatu meusi, akawaita wayatazame kwa zamu bila kuyashika. Niliweka mkono wangu karibu, tayari.

Akawasimulia habari ya shamba. Alisema "shamba moja", na watu wote walinitazama mimi. Alipofika kwa mama na ndege kulipenda suke lilelile, kelele zikaanza.

"Kwa hiyo ndege ndiye mkulima!"

"Mkulima gani anakula mbegu?"

"Baba yako!"

Yule msichana wa mbele alisubiri wamalize. Kisha akaniuliza mimi, sio mwalimu. "Mama, wewe ulikuwa unataka uwele wenye nywele?"

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa nataka tusilale njaa."

Mdogo wangu akachukua chaki, na sasa ndipo akaandika lile neno, kuchagua, na chini yake akaandika vita, na mti, na ungo. Akawaambia kwamba wenye sayansi nao hukiona kitu wasichokuwa na jina lake, wakaazima jina kutoka kwa wafugaji, kutoka kwa wapiganaji, kutoka kwa watu wanaoandika koo zao. Kila jina linawaonyesha upande mmoja. Neno vita linakuonyesha kwamba chakula hakitoshi, likakuficha kwamba suke la nywele halikumpiga mtu. Mti unakuonyesha kwamba wote tumetoka shina moja, ukakudanganya kwamba kuna tawi la juu lililo bora. Kuchagua kunakuonyesha vizazi, kukakuletea mtu ambaye hayupo. "Mliniuliza jambo lenyewe ni lipi," alisema. "Ni hili. Watoto hufanana na wazazi lakini si sawasawa. Si wote wanaofika msimu unaofuata. Waliofika ndio wanaozaa. Basi. Maneno mengine yote ni ya kutusaidia tuone."

Kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Mkaguzi alikuja mbele, akainama juu ya masuke ya mama muda mrefu na mikono yake nyuma, kama mtu aliyeonywa. Akamuuliza, "Mwalimu, kesho utatumia neno lipi kati ya hayo?"

"Nitatumia kuchagua, kwa sababu mtihani unalitaka. Na nitawaambia linapoishia."

Akatia saini palepale, akampa nakala. Nilimwona mdogo wangu akisoma chini kabisa, sehemu ya alama, kisha akanitazama na kuinamisha kichwa mara moja. Amepita. Sikupiga kigelegele, nilikuwa mgeni wa watu. Nilikunja kanga juu ya masuke yangu, nikatoka kumsubiri nje.

Alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba begani sauti ilipomwita kutoka ndani, ya mtoto mwingine, wa nyuma, ambaye hakuwa amesema kitu somo zima.

"Madam, leo tumemaliza neno kuchagua. Na asili? Tunasema uchaguzi wa asili. Huyo asili naye ni nani?"

Niliona mabega ya mdogo wangu yakisimama. Nikaogopa kwa ajili yake, mkaguzi alikuwa bado barazani anawasha pikipiki. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha nyumbani kabisa, akatua mkoba chini.

"Kaeni," alisema. "Hilo hata mimi sijalifikia."

Na madawati yakaburutwa tena.